Baba Mkwe, Mpima Maavoka

Butembo, miaka ile nchi ilipokuwa imekatwa vipande na kila kipande kina mkubwa wake, mtu mwenye kesi hakuanza kwa avoka, yaani wakili. Alianza kwa baba mkwe wangu. Jumapili baada ya misa ungewakuta barazani kwake, wamejipanga kwenye benchi kama wagonjwa wa dispansari: huyu jirani amemvukia mpaka wa shamba, yule mwanawe amekamatwa na pikipiki isiyo yake, mjane naye mashemeji wanataka kumtoa nyumbani. Baba mkwe aliwasikiliza akiwa amefumba jicho moja, kisha akawaambia avoka yupi wamwendee na yupi wamkimbie. Aliwajadili kama watu wanavyojadili ng'ombe sokoni, na 'lakini' yake ilikuwa mais ya Kifaransa.

"Ule? Sauti iko nayo, mais kwato hana. Kesi ikianza kupanda mulima, atakuachia njiani."

Watu waliondoka wameridhika, wakimwachia mkungu wa ndizi au kuku. Mimi kazi yangu ilikuwa kununua maharagi Lubero na kuyauza Beni, na sinunui gunia bila kulimwaga chini. Kwa hiyo tangu mwaka wa kwanza wa ndoa yangu nililimwaga na hili, nikalihesabu, nikalihesabu tena, jibu likawa lile lile: baba mkwe mwenyewe hakuwa ameshinda kesi hata moja.

Sikuthubutu kulisema. Kwetu mkwe hamkosoi baba mkwe. Akiwa na neno analimwambia mke wake, mke anamwambia mama yake, na likifika kwa mwenyewe limeshakuwa salamu.

Nilimjua hivyo kwa miaka, na ningebaki kumjua hivyo, kama mwanawe Kakule asingekamatwa.

Kakule ni mdogo wa mke wangu. Wakati huo alikuwa shofere wa lori la Hadji mmoja wa Beni, mfanyabiashara Mwislamu, mtu wa heshima. Kwenye bariyeri ya mwisho, kizuizi cha barabarani kabla ya Eringeti, askari walishusha magunia ya maharagi, wakakuta chini yake gunia moja lenye sare za kijeshi. Sare kuelekea upande ule zilikuwa na maana moja tu: zinapelekwa kwa watu wa msituni, wapiganaji waliojificha huko. Lori likazuiwa, Kakule akatiwa kasho, yaani mahabusu, huko Beni, na habari ikatufikia kwamba atapelekwa mbele ya mahakama ya askari. Mahakama ile iliweza kuhukumu mtu afe, na haikuwa na mazoea ya kukawia.

"Bahati iko moja," mke wangu Kavira alisema akifunga kitambaa kichwani. "Papa anajua ba-avoka bote."

Tukaenda kwake asubuhi hiyo hiyo. Nilitegemea kumkuta amefumba jicho moja. Alikuwa amefungua yote mawili, na sidhani yalikuwa yanaona kitu.

Vipimo vyake vya kupima avoka nilivijua kwa moyo, kwa sababu alivitaja kila Jumapili. Cha kwanza kilikuwa viatu. Butembo ni vilima na mvua na udongo mwekundu. Avoka mwenye viatu safi mwezi wa mvua, alisema, hajafika kwenye shamba unaloligombania. Anaijua kesi yako kwa kusikia tu, kama unavyomjua mke wa jirani. Siku moja alimfukuza kijana mmoja mlangoni bila hata kumjibu salamu, kwa kumtazama miguu. Baadaye tukaambiwa kwamba yule maskini alikuwa amefika na tope hadi magotini, akajifuta kwa jani la mgomba pale getini kwa kuheshimu sakafu ya watu.

"Basi ana adabu," baba mkwe alisema. "Adabu haishindi kesi."

Kipimo kingine kilikuwa swali. Alimwacha avoka aseme mpaka achoke, kisha akamuuliza kwa upole, akimwita Maître kama maavoka wanavyoitwa: "Na kesi hii, Maître, itaisha lini?" Anayetaja siku, huyo amekwisha. Anayesema sijui, huyo anaongezwa chai. "Avoka asiyejua kusema sijui," aliwafundisha watu, "siku moja atasema uongo, na juge atauandika kwa jina lako."

Cha bei kilinihusu mimi. Niliwahi kuwa na kesi na msafirishaji aliyeyaacha maharagi yangu yalowe njiani. Nikatafuta avoka, nikamshika bei kama ninavyowashika wakulima wa Lubero: nikaondoka, nikaitwa, nikarudi, nikaondoka tena, hadi akakubali kunifanyia kazi kwa nusu. Nikajisifu mezani kwa baba mkwe. Hakucheka. Alimega ugali, akauviringa taratibu.

"Mukwe, kama amepunguza bei yake mbele yako, atapunguza kesi yako mbele ya juge."

Na ndivyo ilivyokuwa. Nilimkata nusu, naye akanikata nusu: alitoka mahakamani akiwa amekubali kwamba nusu ya maharagi haikulowa.

Kwa hiyo akili alikuwa nayo. Basi kwa nini alishindwa kila mara? Nilikuja kuona kwa macho yangu siku nilipomsindikiza kwenye kesi yake kubwa, ile ya mikalitusi. Aligombania shamba la mikalitusi lililo mteremkoni juu ya mji na binamu yake, mtu anayekaa naye benchi moja kanisani. Kesi ilianza kabla ya vita, vita ikaikuta, wakubwa wakabadilishana mji na majuge wakabadilika nao, kesi ikabaki. Na kwa kuwa barabara zilikuwa mbaya na hakuna aliyependa kutembea peke yake, baba mkwe na binamu yake walikuwa wakienda mahakamani pamoja, chini ya mwavuli mmoja, wakirudi hivyo hivyo, mmoja akimwambia mwenzake mahali penye utelezi.

Siku ile avoka wake, aliyepita vipimo vyote, viatu vyake vimeiva kwa tope, alikuwa anasema vizuri. Juge mwenyewe alikuwa anatikisa kichwa kukubali. Ghafla nikasikia kiti kikikwaruza. Baba mkwe alikuwa amesimama.

"Bwana juge, samahani. Ule avoka yangu anasema muzuri, mais anasahau. Miti ya kwanza haikupandwa mwaka ule anasema. Ilipandwa kisha."

Avoka alifumba macho. Binamu yake alimvuta koti kwa nyuma, akamnong'oneza: "Keti, mutu ya Mungu, unajiua." Kwa sababu mwaka ule wa nyuma ndio uliokuwa unampa shamba, na huu aliousahihisha ulikuwa unampa binamu.

Njiani nilimsikia akimwambia binamu yake, chini ya mwavuli: "Mais ilikuwa kweli."

"Ilikuwa kweli," binamu alikubali.

Mtu wa namna hii ndiye tuliyemwendea atuchagulie avoka wa kumtoa Kakule mdomoni mwa bunduki.

Tulipanda gari la mizigo kwenda Beni, sisi watatu, yeye mbele kwa shofere kwa ajili ya umri wake. Kila bariyeri alishuka kabla hajaambiwa, akavua kofia, akawasalimia vijana wenye silaha kama wazee. Kumbuka huyu ndiye aliyekuwa akiwasahihisha majuge. Kavira aliniminya mkono. "Papa anaogopa," alisema, kama mtu anayeona mlima umesogea.

Tulifikia kwa Hadji, dukani kwake mtaa wa Bungulu. Alitupokea vizuri, akatueleza kwamba alikuwa akipeleka chakula kasho kila siku na kwamba kijana hajapigwa sana. Sikupenda lile neno sana. Kisha akamtambulisha mtu aliyekuwa ameketi nyuma ya marobota ya vitenge, suti ya kijivu, miwani mieusi ndani ya nyumba.

"Huyu ni avoka yangu," Hadji alisema. "Atamusemea Kakule pia. Ninyi hamutatoa kitu."

Mtu wa miwani aliinuka, akamshika baba mkwe bega. "Papa, lala usingizi. Komanda ni rafiki yangu, tunakula naye. Kesho kutwa mutoto atakula kwako."

Nikamtazama baba mkwe, nikingoja. Viatu vya yule bwana viling'aa hata ungejinyolea ndevu. Siku ameitaja. Bei hakupunguza, aliifuta kabisa. Kwa sheria za barazani alikuwa ameanguka mara tatu kabla chai haijapoa. Lakini baba mkwe aliushika mkono wake kwa mikono miwili, akauinamia.

"Maître, Mungu akubariki."

Mtu wa miwani hakuuliza lolote. Hakuuliza gunia lilipakiwa wapi wala nani alikuwa kwenye lori. Alitazama saa yake, akaondoka.

Mimi nilibaki nimekishika kikombe. Kitu cha bure nakiogopa kuliko kitu cha ghali. Cha ghali, anayekula pesa zako unamwona. Nikamvuta Hadji hadi nje, pale lori lilipokuwa likiegeshwa zamani, mafuta yamechora ardhi.

"Hadji, uniambie kama mufanyabiashara kwa mufanyabiashara. Avoka wako anatafuta nini kwanza?"

Alizungusha tasbihi. Hakuwa mtu wa kudanganya, nampa haki yake.

"Anatafuta gari yangu, ndugu. Mungu anaona. Kakule ninamupenda, mais gari njo inalisha batoto yangu."

"Na njia ya karibu ya kutoa gari ni gani?"

"Ni kusema mwenye gari hakujua kitu."

"Kama mwenye gari hakujua, nani alijua?"

Alitazama lile doa la mafuta. "Ile usiniulize," alisema.

Nikaipima hesabu ile, nikairudia. Avoka mmoja alikuwa amebeba mizigo miwili kwenye baiskeli moja, na mlima ukija, mzigo usiokuwa na mwenye kulipa ndio utakaoshuka kwanza.

Avoka wa pili Kavira ndiye aliyempata. Alikwenda misa ya asubuhi, akaongea na wanawake wa parokia, akarudi na habari: kuna Maître mmoja mwanamke, amepanga chumba mtaa wa Ruwenzori. Alikuwa amekula kiapo chake Goma. Akaja Beni kuwaona wazazi, na mstari wa vita ukafungwa nyuma yake. Kila kitu chake kilibaki upande wa pili, hata joho. Alilokuwa akilivaa mahakamani ni la kuazima, la mwanamume mrefu, amelikunja chini kwa pini.

Tulimkuta anafua. Alijifuta mikono, akatukalisha, akatusikiliza bila kutukata. Kisha akauliza, na kila swali likazaa lingine. Lori lilipakiwa wapi? Lilisimama wapi? Nani alipanda njiani? Baba mkwe alikuwa anajibu kabla hatujajibu sisi, "Hatujui, Maître," "Ile hatujui," haraka haraka, kama mtu anayefukuza kuku kwenye mtama.

Mwishowe akamuuliza lile swali lake. Sidhani alilipanga; lilimtoka tu. "Maître, mutoto yangu atatoka?"

"Sijui, Papa."

Nilijikuta natabasamu. Nikageuka nimwone akifurahi, maana hapo ndipo kwa kawaida alikuwa anasema mleteni chai. Baba mkwe alikuwa amesimama.

"Twende," alisema.

"Papa, bado sijamaliza," yule Maître alisema. "Nikikubali, kwanza nitamuona Kakule. Mimi na yeye peke yetu."

"Peke yenu kwa nini?"

"Juu yeye njo anafungwa."

Baba mkwe akatoka bila kuaga. Tulimkuta barabarani, kofia mkononi, jasho linamtoka kwenye baridi ya asubuhi.

"Tunakwenda kwa ule wa miwani," alisema.

"Papa," Kavira alisema, "ule alitaja siku. Huyu amesema sijui. Wewe njo ulitufundisha."

"Nilifundisha juu ya batoto ya batu. Hii ni mutoto yangu."

Watu walikuwa wanapita, wanatutazama. Kavira alianza kulia kimya kimya. Nikajua kwamba neno lililobaki lilikuwa langu, na kwamba safari hii hakuna muda wa kulipitisha kwa mke na mama mkwe mpaka liwe salamu. Tangu nimwoe binti yake sikuwa nimemwambia yule mzee hapana hata kwa chumvi.

"Papa, unisamehe. Hapana."

Akanitazama.

"Ule wa miwani analipwa juu ya gari. Siku watamuuliza achague kati ya gari na Kakule, hatafikiri mara mbili. Kakule anahitaji mutu wake, wa peke yake, hata akiwa na joho ya kuazima."

Nilingoja laana. Mabega yake yalishuka, akaonekana mdogo, akarudisha kofia kichwani vibaya.

"Chagueni ninyi," alisema. "Mimi sina tena macho."

Tulirudi kwa Maître. Alitaja malipo yake. Nasema kweli mbele ya Mungu, ulimi ulianza safari wenyewe, nilishauweka tayari nyuma ya meno kusema, "Maître, sasa tuongee bei ya mwisho." Nikaumeza. Kavira aliniona nikiumeza, na hadi leo anasema hakuna siku aliyonipenda kama ile.

Maître alikwenda kasho, akakaa na Kakule muda mrefu. Alipotoka hakutuambia waliongea nini. Alisema tu kwamba ameikubali kazi, na ana sharti moja. Akamgeukia baba mkwe.

"Papa, siku ya kesi hutaingia ndani."

"Ni mahakama ya batu bote. Niko na haki."

"Uko nayo. Na mimi niko na haki ya kurudisha kesi." Alikuwa anaongea taratibu, kwa heshima. "Papa, nilikuwa Butembo kujifunza kazi. Niliketi nyuma siku ya kesi ya mikalitusi. Ninakujua."

Nilidhani mzee atalipuka. Kavira alishaanza kumshika mkono. Baba mkwe aliinamisha kichwa.

"Sitaingia," alisema, upesi mno, karibu kwa shukrani. Nikaliweka hilo pembeni pamoja na mengine niliyokuwa siyaelewi.

Kesi ilisikilizwa darasani, katika shule ambayo wanafunzi walikuwa wamerudishwa nyumbani. Hesabu za kujumlisha zilikuwa bado ubaoni, nikazipitia mara mbili ili nisitazame bunduki. Moja ilikuwa na kosa. Wakubwa watatu wa jeshi waliketi kwenye meza ya mwalimu. Kakule aliletwa, amekonda, jino moja la mbele halipo. Mtu wa miwani alikuwepo kwa ajili ya Hadji. Alisimama wa kwanza, akaongea kwa Kifaransa kizuri, na kila sentensi yake ilimsogeza mwenye lori mbali na lile gunia na kumwacha shofere karibu nalo. Hadji alikuwa anatazama viatu vyake.

Kisha akaitwa askari wa bariyeri, kijana mnene mwenye furaha. Akaeleza alivyolikuta gunia. Maître akainuka, joho linaburuta upande mmoja ambako pini ilikuwa imefunguka.

"Ndugu yangu, siku ile, mbele ya kufika kwenu, nani aliweka mizigo kwenye gari?"

Askari akacheka. "Ah, Maître! Batu bote. Gari ni gari. Wamama, bacommerçants ba soko, hata siye. Tulipandisha baaskari bane kwenye bariyeri ya nyuma, na bagages yao. Komanda mwenyewe aliweka malango ya nyumba ya bibi yake."

Darasa lilicheka kidogo. Mkubwa wa katikati hakucheka. "Askari wane?" aliuliza. "Na nani alitazama mizigo ya askari?"

Kijana akaona alikofika.

Maître aliketi. Hakuongeza neno. Mimi, ambaye sijawahi kuacha mabishano yakiwa bado yana pumzi, nilitaka kumrukia nimwambie aendelee, amkamue, ampige na la pili. Hakumgeukia Kakule kumuuliza alijua au hakujua. Hata mara moja. Mwendesha mashtaka alipojaribu kufika huko, Maître alimrudisha kila mara kwenye mizigo ya askari, nao wakubwa wakawa hawana hamu ya kukaa huko muda mrefu.

Nilitoka nje kupata hewa. Ng'ambo ya barabara, karibu na mama mmoja aliyekuwa akikaanga mikate, baba mkwe alikuwa ameketi juu ya jiwe, ameikalia mikono yake yote miwili kama mtoto wa katekisimu aliyeambiwa atulie.

"Nani amesema?" aliuliza.

"Maître amesema."

"Na Kakule?"

"Kakule hajaulizwa kitu."

Akatoa mkono mmoja, akajishika kifua, akaomba maji. Yule mama wa mikate alimpa kikombe, na zaidi ya nusu ikamwagika kwenye suruali.

Walituacha tukingoja siku ambazo sitaki kuzihesabu, mimi ninayehesabu kila kitu. Kavira hakula. Baba mkwe alikuwa anatembea kutoka Bungulu hadi kwenye kasho na kurudi, bila kuingia kokote. Halafu mahakama ikasema kwamba haikuthibitika gunia lilikuwa la nani, na Kakule akatoka, anakohoa, akamwegemea baba yake njia nzima. Lori la Hadji nalo lilitoka baadaye. Hadji alimkumbatia Kakule, akalia naye, kisha akampa lori shofere mwingine. Sikumlaumu. Mimi pia ningefanya hivyo.

Baada ya hapo barazani pakawa patupu. Watu walikuja Jumapili moja, mbili, baba mkwe akawaambia, "Mukaulize mwengine." Walipomsisitiza alisema amesahau majina. Kesi ya mikalitusi aliacha kuhudhuria, binamu akapewa shamba, akaja mwenyewe kumletea mzigo wa kuni za kwanza, akiwa na haya. Nilidhani mshindi na mshindwa wataonana vibaya. Walikunywa kasiksi, pombe ya ndizi, hadi mtungi ukaisha. Jamaa walisema uzee umemfika. Mimi nilisema hofu imemla kile kilichokuwa kinamfanya asimame.

Nilikosea, na nilikuja kujua hivyo mwishoni, wakati wakubwa walipokuwa wameshatia sahihi na redio inatangaza kwamba nchi ni moja tena. Kifua chake kilikuwa kibaya, Kakule akamchukua akae naye Beni, nyumba yao Ruwenzori, barabara ya kwenda Eringeti ikionekana mlangoni. Nilipita huko na magunia yangu. Nilimkuta peke yake, amefunikwa blanketi, redio inaongea polepole.

"Mukwe," aliniita, kabla sijaketi. "Unajua juu ya nini nilimutaka ule wa miwani?"

"Juu alijua komanda, Papa."

"Hapana. Juu hakuuliza kitu."

Nikaketi.

"Batu ya musituni balimusimamisha Kakule wiki ile, mbele ya safari. Balimuonyesha gunia. Balimutajia batoto yake moja moja, na nyumba yenye banalala. Akakuja kwangu Butembo, hakuingia hata kwa dada yake. Akaniuliza: Papa, nifanye nini?" Alikohoa, akangoja kifua kitulie. "Mimi, mutu ya kushauri batu. Nilimuambia: beba."

Nilisikia mtangazaji wa redio akitaja mawaziri wapya, majina marefu.

"Donc, basi, unielewe," alisema. "Siku ile kule shuleni, kama ningeingia, ningesimama. Unanijua. Ningesema ni mimi nilimutuma. Ingekuwa kweli. Na bangetupiga risasi siye babili, mubaba na mutoto, kwa sababu ya kweli yangu."

"Na Maître? Alijua?"

"Kakule alimuambia yote siku ya kwanza, kule kasho. Alimusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: muzuri, sasa ninajua mahali sitatia muguu."

Kivuli kilipita mlangoni. Kakule aliingia na ndoo ya maji, akaiweka chini, akatutazama, mimi kisha baba yake. Nadhani uso wangu haukujua kujificha.

"Papa, umemuambia?"

"Nimemuambia."

"Maître alisema tufunge mudomo mpaka vita iishe."

"Redio ilisema imeisha," baba mkwe alisema.

Kakule alisimama akitazama nje, kwenye barabara ya Eringeti, ambako gari la askari lilikuwa linapanda kilima taratibu, taa zinawaka mchana. Kisha akaenda kufunga mlango.